Kadi imekataa, hela imekatwa: nani kaila?

"Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, naishi Kirumba, Mwanza. Jumamosi moja jioni niliingia duka moja la mjini kununua vitu vya nyumbani, jumla ikawa 87,500. Kwenye akaunti nilikuwa na 214,000, nina uhakika maana asubuhi nilitazama. Binti wa kaunta akachomeka kadi, nikabonyeza namba ya siri, mashine ikafikiri weee, ikaandika imekataliwa. Akajaribu tena, vilevile. Mara ya tatu akasema kwa sauti, foleni nzima inasikia, 'Mama, hela haitoshi.' Niliona aibu, nikamjibu vibaya, nikalipa kwa simu. Usiku mwanangu aliyeko Dodoma akanipigia (meseji za benki zinaingia kwake, laini yangu ya zamani nilimwachia), akasema nimekatwa 87,500 mara mbili. Nikaenda ATM ya benki yangu, nikatoa 20,000, ikatoka bila shida. Baada ya siku tatu 87,500 moja ikarudi. Nyingine hadi leo, wiki ya pili, haijarudi. Nimeweka hela nyingine 300,000, nikajaribu kumlipia binti yangu mdogo ada ya maombi ya chuo cha nje kwenye intaneti, dola 25, nako ikakataa. Shemeji anasema TRA, watu wa kodi, wameshikilia akaunti. Jirani anasema kadi imeharibiwa na simu kwenye mkoba. Mimi naona yule binti wa kaunta ndiye kala hela. Nani yuko sahihi, hela naipataje, na kadi hii niitupe?"

Shikamoo mama, na pole kwa yaliyokukuta. Umri hukuutaja, ila mwenye mtoto anayejitegemea Dodoma siwezi kumwanza kwa "mambo".

Nikupe jibu fupi kwanza. Shemeji amekosea, jirani amekosea, na wewe, unisamehe, umemkosea yule binti. Hela hakuila mtu. Nilikaa kitengo cha kadi cha benki moja kwa miaka tisa nikisoma malalamiko ya namna hii kuanzia asubuhi, na siku hizi nawafundisha wenye maduka kutumia mashine za malipo, kwa hiyo nimeiona hadithi yako kutoka pande zote mbili za kaunta. Barua yako ukiisoma taratibu, kila kitu kimo humo. Hata sababu ya zile dola 25 kukwama, nadhani umeiandika mwenyewe, tena ndani ya mabano. Nitaifikia.

Chukua kalamu tupige hesabu. Asubuhi ulikuwa na 214,000. Jaribio la kwanza likaondoka na 87,500, zikabaki 126,500. Jaribio la pili likaondoka na 87,500 nyingine, zikabaki 39,000. Binti alipochomeka kadi mara ya tatu, benki yako iliulizwa kama una 87,500. Ikatazama, ikaona 39,000, ikajibu huna. Mashine iliposema hela haitoshi, mama, ilisema kweli. Ulikataliwa mara tatu kwa sababu mbili tofauti kabisa, na ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Ndiyo maana kule kazini mteja akija na "kadi imekataa", sisi tulimuuliza: ile ya ngapi?

Sasa zile mbili za mwanzo.

Wengi hudhani mashine ya dukani inaongea na kadi, basi. Kadi haina hela ndani yake, na mashine haijui una shilingi ngapi. Kadi inakutambulisha tu. Mashine ikishasoma chipu na wewe ukishabonyeza namba ya siri, inatunga ombi na kulituma kwa benki iliyompa mwenye duka ile mashine. Benki hiyo ikiona kadi si yake, inalipitisha kwa mtandao wa kadi, ule ambao nembo yake umeizoea kwenye kona ya kadi: Visa, Mastercard au mwingine. Mtandao unalifikisha kwa benki yako. Hapo ndipo kazi inapofanyika. Kadi iko hai? Namba ya siri ni yenyewe? Salio linatosha? Ukomo wa matumizi ya siku haujapitwa? Kuna dalili ya wizi? Benki ikiridhika inakata au inashikilia hela, inaandika jibu, na jibu linarudi kwa njia ileile, kinyumenyume, mpaka kwenye mkono wa binti. Kwenda na kurudi ni sekunde chache.

Kwa mtu wa Kirumba nieleze kwa ziwa. Umemtuma kijana na barua avuke hadi Nansio, kule kisiwani Ukerewe, kwa mzee fulani, akuletee gunia lako ulilomwekesha. Boti ikifa wakati wa kwenda, mzee hajui lolote na gunia liko palepale. Ikifa wakati wa kurudi, mzee ameshalitoa gunia stoo, ameshaandika kwenye daftari kuwa umechukua, lakini wewe uliyesimama Mwaloni humwoni kijana wala gunia. Unasema mzee kakataa. Unamtuma kijana wa pili, na mzee, mwaminifu kabisa, anaandika gunia la pili.

Jumamosi ile boti yako ilifia njiani wakati wa kurudi, mara mbili. Najuaje? Kwa zile meseji zilizoingia Dodoma. Benki haitumi meseji ya makato kwa ombi ambalo halikuifikia na ambalo haikulikubali. Benki yako ilisema ndiyo mara zote mbili. Mashine ya duka haikuisikia ile ndiyo, ikachoka kusubiri, ikaandika imekataliwa. Kule "kufikiri weee" ulikokueleza ndiyo alama yake: kukataliwa kwa kweli huja haraka, kukataliwa kwa kukosa jibu huja baada ya kusubirishwa.

Kwa nini jibu lipotee? Mashine nyingi za dukani zina laini ya simu ndani yake, kama simu yako tu. Ikiwa kwenye kaunta ya ndani, katikati ya rafu za chuma na kuta nene, mawasiliano yanakuja kwa kudokoadokoa. Umewahi kumwona muuza duka ametoka na mashine hadi mlangoni, ameinyanyua juu kama anayetafuta mwezi wa Ramadhani? Yule anaijua kazi yake. Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi, kwenye mitambo ya benki ya duka au ya benki yako, na hapo hata ukiipandisha mashine juu ya jiwe la Bismarck haitasaidia.

Wataalamu waliotunga mifumo hii hawakuwa wajinga. Walijua boti zitakufa. Mashine isipopata jibu kwa wakati, inatakiwa itume ujumbe wa pili wa kusema lile ombi lifutwe. Benki ikiupata, inarudisha hela yako, mara nyingine kabla hujafika nyumbani. Tatizo ni kwamba ujumbe huo nao unasafiri kwa boti ileile mbovu. Ukikwama, kinachobaki ni watu na makaratasi: benki mbili zinalinganisha hesabu zao, zinaona huku kumekatwa 87,500 na kule hakuna mauzo ya 87,500, zinarekebisha. Ile yako ya kwanza ilirudi baada ya siku tatu kwa mojawapo ya njia hizi. Ya pili imenaswa mahali, na kwa wiki ya pili sasa mimi singeendelea kuisubiri nimekaa.

Kabla ya kuitafuta, niwaondoe hawa washukiwa wako mmoja mmoja.

Shemeji hakutunga kutoka hewani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaipa TRA uwezo wa kuiagiza benki itoe hela ya mtu anayedaiwa kodi. Lakini akaunti iliyoshikiliwa isingekupa 20,000 usiku uleule. Na TRA wakitaka hela hawatachukua 87,500 mara mbili, bei kamili ya unga, mafuta na sabuni ulivyobeba siku hiyo. Halafu usishangae ATM ilikubali wakati dukani palikataa: ATM ya benki yako inaongea na benki yako moja kwa moja, haivuki ziwa.

Jirani naye amesikia kitu cha kweli akakiweka pasipo pake. Sumaku inaweza kuharibu ule mstari mweusi wa nyuma ya kadi. Chipu, kale kamraba ka rangi ya dhahabu, haiathiriwi na sumaku ya simu. Inachoogopa ni kukwaruzwa, kupinda na uchafu, na kwa biashara yako ya dagaa nadhani mkoba wako una magamba na chumvi ya kutosha. Ifute kwa kitambaa laini kikavu. Ila siku ile chipu ilikuwa nzima. Ingekuwa mbovu, mashine ingelalamika mapema, kabla hata ya kukuomba namba ya siri. Wewe uliombwa mara zote tatu.

Na binti. Mauzo ya kadi hayaingii kwenye droo ya kaunta. Yanajikusanya kwenye mashine, na mwisho wa siku mwenye duka anapofunga mashine ndipo hela zinapoelekezwa kwenye akaunti ya duka. Muuzaji hana pa kuchota. Tena karatasi ya kufunga mashine inataja kila malipo yaliyofaulu siku hiyo, na hiyo, kama utakavyoona, ni silaha yako wewe.

Kuna hofu moja hukuitaja lakini wengi huwa nayo: kwamba kukataliwa mara tatu kunafunga kadi. Kinachofunga kadi ni kukosea namba ya siri mara kadhaa, kwa kawaida tatu. Kukataliwa kwa mtandao au kwa salio hakuhesabiwi humo.

Kitu kilichonisikitisha katika barua yako ni kwamba hukutaja vikaratasi. Mashine ikikataa, mara nyingi inatoa kikaratasi kidogo, na watu wanakifinyanga na kukitupa kwa hasira, au muuzaji anakitupa kwa kumwonea mteja huruma. Kile kikaratasi ndicho kinachojua. Kinataja saa, namba ya mashine, tarakimu nne za mwisho za kadi, namba ya kumbukumbu ya muamala, na mara nyingi kina namba mbili za jibu ambazo mashine nyingi duniani zinazitumia kwa maana moja. 51 ni salio halitoshi. 55 namba ya siri si sahihi, na 75 umeshaikosea mara nyingi mno. 54 kadi imeisha muda. 61 umevuka ukomo wa kiasi cha siku. Hii inawapata sana wazazi mwezi wa Januari wakilipa ada, hela ipo lakini benki imewawekea dari. 57 kadi yako haijaruhusiwa aina hiyo ya malipo. 91 benki iliyotoa kadi haipatikani, yaani mitambo iko chini, na hapo rudi baadaye, kadi haina kosa.

Halafu iko 05. Hiyo ni benki kusema hapana bila kusema kwa nini. Inaudhi, lakini ina sababu: mtu aliyeokota kadi akiambiwa kosa lake liko wapi, atalisahihisha. Ukipata 05, usibishane na muuzaji, hana anachokijua. Piga simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.

Mimi mwenyewe, na uzoefu wangu wote, niliwahi kuaibika kwenye sheli moja pale Usagara. Nimeshajaza mafuta, gari tatu nyuma yangu, kadi ikakataa. Nikamwambia kijana wa pampu kwamba mashine yake mbovu, nikamwambia na kazi yangu, kwa sauti. Akanionyesha kikaratasi kwa adabu: 54. Kadi ilikuwa imekwisha muda jana yake, siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa juu yake, na kadi mpya ilikuwa imenisubiri tawini wiki tatu. Nililipa kwa hela niliyokuwa nimeibeba kununulia sato.

Twende kwenye 87,500 yako.

Kwanza pata taarifa ya akaunti, iliyochapishwa, kuanzia siku moja kabla ya ile Jumamosi hadi leo. Ile fupi ya ATM haitoshi. Tazama mambo mawili. Benki ina salio la aina mbili: lile la kwenye vitabu, na lile unaloweza kulitumia. Kama la kwenye vitabu ni kubwa kuliko la kutumia kwa 87,500 kamili, basi hela yako haijaondoka, imeshikiliwa tu. Benki ilikuwekea kando ikingoja duka lije kuidai, na duka halijaja. Ndivyo inavyokuwa hotelini pia: ukifika mapokezi, hela inashikiliwa kwanza. Hela ya namna hii hujiachia yenyewe muda ukipita, na muda huo kila benki ina wake, ila mteja akidai na kuonyesha kwamba duka halikuuza, benki inaweza kuiachia mapema. Kama salio zote mbili ziko sawa na 87,500 imeandikwa kama makato kamili, basi imekwisha kukatwa na inahitaji kudaiwa kwa fomu.

Pili, rudi dukani. Ndiyo, kulekule. Muombe msimamizi, si binti, akutazamie karatasi ya kufunga mashine ya Jumamosi ile. Kama 87,500 yako haimo, aandike mistari miwili ya kusema hivyo, agonge na muhuri. Duka lenye adabu halitakataa, maana halina cha kupoteza. Kama imo, hata mara moja, basi duka limelipwa na wewe pia ulilipa kwa simu: wana hela yako halali na wanaweza kukurudishia wao wenyewe. Uwe na ile meseji ya malipo ya simu mkononi.

Tatu, nenda tawi lako. Chukua kadi, kitambulisho cha NIDA, taarifa ya akaunti uliyoizungushia mstari wa makato, barua ya duka na vikaratasi kama utavipata. Usiishie kueleza dirishani. Omba fomu ya malalamiko ya muamala, ijaze, na usitoke bila namba ya kumbukumbu na tarehe ya kupata jibu. Nilipokuwa benki, malalamiko yasiyo na namba yalikuwa kama maji kwenye pakacha. Tarehe ikipita kimya, andika barua kwa meneja, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, na ina tawi hapahapa Mwanza, lakini watakuuliza kwanza benki yako ilikujibu nini. Nakala ile ndiyo jibu.

Wakati ukiwa unasubiri, kuwa mwangalifu na simu za ghafla. Ukilalamika kwenye kurasa za mitandao, kuna watu wanazivizia. Atakupigia mtu mpole, jina lako analo, atasema ni wa benki, anataka akurudishie 87,500 yako, umtajie tu namba zilizoingia kwenye meseji. Ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Benki haihitaji namba yako ya siri, wala tarakimu tatu za nyuma ya kadi, wala namba ya uthibitisho, ili ikurudishie hela.

Haya, dola 25, na yale mabano yako.

Malipo ya intaneti hayana chipu wala namba ya siri. Benki itajuaje kwamba aliyeandika namba za kadi ni mwenye kadi? Njia iliyozoeleka ni kukutumia namba ya uthibitisho, tarakimu chache zinazoishi dakika kadhaa tu, kwenye simu iliyosajiliwa na akaunti. Wewe umekaa Kirumba unasubiri. Simu iliyosajiliwa iko Dodoma. Mpigie mwanao leo, muulize kama siku ile aliona meseji ya namba ambayo hakuielewa. Nadhani aliiona, labda hata aliifuta akijua ni matapeli, na hapo alifanya vyema.

Kubadilisha laini hiyo ni kazi ya kwenda mwenyewe tawini, na hawatakufanyia kwa simu hata ukilia. Wakikubali kwako watakubali na kwa mwizi. Laini mpya iwe imesajiliwa kwa jina lako. Tena lifanye hili kabla hata ya kudai 87,500, maana kwa sasa mlango wa akaunti yako uko kwenye mfuko wa kijana wako. Simwongelei vibaya. Lakini simu ikiibwa stendi Dodoma, ni akaunti yako wewe iliyoibwa.

Kama hakuona meseji yoyote, basi ombi lilikufa mapema zaidi. Benki kadhaa hapa nchini hutoa kadi ikiwa imefungwa kwa malipo ya intaneti na ya nje ya nchi mpaka mteja aombe, kwenye programu ya simu au tawini. Ni usalama, si ukorofi. Wanaovuka Mutukula kwenda Kampala au Sirari kwenda Kisumu wanakutana na kitu hichohicho: kadi iliyofanya kazi Mwanza asubuhi inakuwa plastiki tu jioni, kumbe haijafunguliwa. Waulize pia kama aina ya kadi yako inaweza kulipa kwa dola. Salio halikuwa tatizo, 300,000 inazitosha dola 25, ila kumbuka benki inabadilisha kwa bei yake ya siku na huwa na ada yake, kwa hiyo usiache salio linalolingana na bei hadi senti.

Na ulijaribu mara ngapi? Hukusema. Mtu anayejaribu kadi ileile mara sita mfululizo kwenye tovuti ya ng'ambo anafanana sana na mwizi anayeipima kadi aliyoiiba, na mitambo inaweza kuifunga kwa sababu hiyo tu. Mbili zinatosha. Baada ya hapo piga simu.

Kuhusu kuitupa kadi: usiitupe, haina kosa. Lakini siwezi kukudanganya kwamba kadi ndiyo njia bora kila mahali. Kwa manunuzi ya dukani hapa mjini, Lipa Namba, yaani kulipa kwa simu kwenye namba ya duka, mara nyingi inakuwa na majibu ya wazi zaidi, maana meseji inakuja kwako na kwa muuzaji hapohapo. Udhaifu wake ni kwamba ukikosea tarakimu, hela imekwenda kwa mtu mwingine na kuirudisha ni kuomba. Kadi ina utaratibu wa kudai unaovuka benki na hata nchi, ndiyo maana kwa malipo ya nje kama hiyo ada ya chuo mimi bado ningetumia kadi. Ila ningefungua akaunti ya pili, ndogo, yenye kadi yake, niwe naiwekea kiasi cha malipo ya siku hiyo tu. Mtaji wa dagaa usikae kwenye kadi unayoiandika kwenye tovuti.

Na siku nyingine mashine ikikwama kwa kusubirisha, usikubali jaribio la pili hapohapo. Tazama salio kwenye simu kwanza, ambayo safari hii itakuwa yako. Kama imekatwa, mwonyeshe muuzaji, chukueni kikaratasi, na hapo uamue: kusubiri dakika kumi, au kulipa kwa njia nyingine ukijua utakuja kudai. Kama haijakatwa, omba mashine nyingine. Maduka mengi ya mjini yana mbili za benki tofauti, na mara nyingi moja iko kwenye droo inachajiwa.

Mtu mwenye shida tofauti na yako, aliyekuta makato ya malipo ambayo hakuyafanya kabisa, asifuate utaratibu huu wa taratibu. Afunge kadi dakika hiyohiyo kwa simu ya huduma kwa wateja au kwenye programu, kisha aende benki na polisi.

Dukani nenda asubuhi, kabla foleni haijajaa, maana msimamizi huwa anafungua kabati la karatasi za mashine akiwa na nafasi. Na yule binti akiwa kaunta, mnunulie soda. Yeye naye alisoma tu kilichoandikwa.